Mchagua Jembe si Mkulima?

Kuna methali ambayo imewanyamazisha vijana wengi: mchagua jembe si mkulima. Ukilalamika kwamba kalamu haitoi wino, unatupiwa hiyo. Ukisema mpira umejazwa upepo mno, unatupiwa hiyo. Mimi nimeisikia mara nyingi zaidi mahali ambapo wahenga waliotuachia hawakuota kwamba ingefika, yaani ndani ya chumba cha gemu huko Sinza, Dar es Salaam, chenye kompyuta kumi zilizopangwa safu mbili, feni moja ya dari, na vijana wenye visikizio masikioni wakipigiana kelele kama wako mnadani.

Sina ugomvi na wahenga. Mkulima wa kweli hushika jembe lolote akalima, hilo nakubali. Lakini mkulima huyo akipewa jembe geni, hulinyanyua kwanza. Huona kama mpini ni mrefu au mfupi, huhisi uzito wake, hupitisha kidole gumba kwenye makali. Kabla hajapiga pigo la kwanza ameshajua ainame kiasi gani. Kipanya cha kompyuta hakikupi nafasi hiyo. Vipanya viwili vinaweza kufanana kwa umbo, rangi na uzito, vikatoka hata katika duka moja la Kariakoo, na bado kimoja kikawa na mbio mara mbili ya mwenzake. Jambo hilo hulioni kwa macho wala huligusi kwa kiganja mpaka umekisogeza. Na ukikisogeza katikati ya mchezo, ndugu yangu, umeshakufa.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuingia katika vyumba hivi, niseme kidogo. Mchezo wetu unaitwa Counter-Strike. Ulianza mwaka 1999 kama kazi ya wapenzi wa michezo walioubadilisha mchezo mwingine, Half-Life, na toleo linalochezwa sasa, Counter-Strike 2, lilitoka mwaka 2023. Ni watu watano dhidi ya watano. Mkono wa kushoto uko kwenye vitufe, unatembea. Mkono wa kulia uko kwenye kipanya, nao ndio shingo yako na macho yako. Ukikisogeza kulia unageuka kulia, ukikivuta kushoto unageuka kushoto. Adui akitokea ubavuni huna hata sekunde moja ya kugeuka na kuiweka alama ya shabaha juu ya kichwa chake. Hakuna muda wa kufikiri. Mkono huenda wenyewe, kama mkono wa mama unavyoiendea swichi ya taa gizani katika nyumba aliyoishi miaka ishirini.

Sasa mhamishe mama huyo. Nyumba mpya ni kama ile ya zamani, ila swichi imesogezwa shibiri moja kando. Atapapasa. Na kila atakapopapasa, kama hakuna aliyemwambia kwamba swichi imesogezwa, ataanza kuushuku mkono wake.

Nieleze jinsi swichi inavyosogezwa. Ndani ya kipanya cha siku hizi kuna taa ndogo na jicho dogo la kamera. Jicho hilo huipiga meza picha maelfu ya mara kwa sekunde, na kuzilinganisha picha hizo ili kujua kipanya kimekwenda wapi. Kisha huiambia kompyuta kwa hatua: hatua moja, hatua mbili, hatua mia. Idadi ya hatua ambazo kipanya huhesabu kikisogezwa inchi moja ndiyo ile namba inayoandikwa kwenye boksi kwa herufi DPI. Kipanya cha 400 huhesabu hatua 400 ndani ya inchi moja, cha 800 huhesabu 800. Ni kama mtu mzima na mtoto wanaokwenda sokoni pamoja. Njia ni moja, lakini mtoto anahesabu hatua nyingi zaidi.

Mchezo nao una namba yake. Hiyo ni namba ya wepesi, au kama wasemavyo washikaji, sensi. Sensi ni amri unayoupa mchezo: kwa kila hatua moja ya kipanya, nigeuze kiasi hiki. Katika Counter-Strike, ukiweka sensi ya 1, kila hatua hukugeuza digrii 0.022. Namba hiyo ni kongwe, ilikuwamo tangu Quake ya mwaka 1996, na hakuna aliyeona haja ya kuigusa. Haya, fanya hesabu. Duara kamili ni digrii 360. Gawanya kwa 0.022, utapata hatua 16,364 hivi. Kama kipanya chako ni cha 800, hizo ni inchi 20 na karibu nusu, yaani sentimita 52. Basi mtu mwenye kipanya cha 800 na sensi ya 1 husogeza mkono sentimita 52 ili azunguke na kurudi kutazama alipokuwa anatazama. Akihamia kipanya cha 400, ataweka sensi ya 2. Cha 1600, ataweka 0.5. Cha 1000, ataweka 0.8. Zidisha kila jozi, jibu ni 800 siku zote, na mkono unakwenda zile zile sentimita 52.

Hesabu ni nyepesi, ya darasa la sita. Lakini wachezaji wengi hukariri sensi na kuisahau DPI. Wanahama kutoka kompyuta hadi kompyuta, wanafika, wanaandika "1", wanaanza kucheza. Ni kama mtu aliyekariri bei ya mchele akasahau kama ilikuwa bei ya kilo au ya gunia.

Hapo ndipo alipoponzwa dogo wetu.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha sita, anakaa Tandika, na ili afike Sinza alikuwa anapanda daladala mbili. Hakuwa na kompyuta wala kipanya chake mwenyewe. Vitu vyote alivyochezea vilikuwa vya kukodi kwa saa. Katika timu yetu alilinda upande wa B, na kwa miezi mingi tulikuwa tunacheza bila hata kugeuka kuutazama upande huo. Tulijua hapiti mtu. Kisha, wiki tatu hivi kabla ya mashindano ya vyumba vya gemu ambayo tulikuwa tumeyachangia kiingilio, akaanza kukosa. Si kukosa kwa siku moja, hiyo kila mtu hupata. Alikosa Jumatatu, akakosa Jumatano, akakosa Jumamosi mbele ya watu.

Nahodha wetu si mtu mbaya. Ni mtu mwenye hesabu. Kila mmoja alikuwa ametoa shilingi elfu kumi, na kwa baadhi yetu elfu kumi ni nauli ya juma zima. Akasema mbele ya wote, "Dogo kashuka kiwango. Tumtafute wa akiba." Dogo akajaribu kusema kwamba anahisi kompyuta namba 7 ina kitu. Nahodha akamkata: "Mchagua jembe si mkulima, dogo. Wenzako wote wanatumia vipanya hivihivi."

Jioni ile nilitembea naye hadi kituoni. Alikuwa kimya. Tulipofika akasema, "Kaka, nahisi kama mkono si wangu."

Neno hilo lilinichoma. Nilikuja kujua kwamba kwa siku kadhaa alikuwa anafika asubuhi kabla yetu, anatoa hela ya chakula cha mchana kulipia saa mbili za mazoezi peke yake, na kwamba mazoezi hayo yalikuwa yanamwongezea hofu kuliko shabaha. Alikuwa ameanza kupanga sababu: hapati usingizi, macho yanauma, pengine kipaji chenyewe kilikuwa cha muda tu. Kijana wa miaka kumi na tisa alikuwa anajishtaki, na hapakuwa na mtu wa kumtetea.

Kesho yake nikaacha kucheza, nikavuta kiti nyuma yake, nikatazama. Sikutazama kama anapata au anakosa. Nilitazama anakosaje. Mtu aliyechoka, au aliyeshuka kiwango, hukosa kila upande, mara hafiki, mara anapita. Dogo alikuwa anakosa upande mmoja tu. Adui akitokea kulia, alama ya shabaha inamfikia, inampita, inasimama mbele yake. Akitokea kushoto, vilevile, inampita. Kila mara anapitiliza, na kila mara kwa kiasi kile kile. Nikajiambia, hapa hakuna ugonjwa wa mkono. Ugonjwa wa mkono hauna nidhamu namna hii.

Nikamwomba asimame. Nikakigeuza kipanya cha namba 7. Cheusi, umbo lile lile la wenzake, ila waya wake ulikuwa bado mpya, haujaanza kukakamaa. Chini yake hapakuandikwa namba yoyote ya DPI. Nikamuuliza kijana wa kaunta.

"Kile cha zamani kitufe kilikufa," akasema. "Wameleta hicho."

"Lini?"

"Mm, kama wiki tatu."

Nyumbani mama yangu ni fundi cherehani. Usiku huo nikamwendea.

"Mama, niazime futikamba."

"Ya nini? Umeanza kushona?"

"Nataka kupima kipanya."

Alinitazama kwa muda, akaona sitanii. "Haya, chukua ile ya zamani. Ila imevutika, usije ukarudi hapa ukasema imekudanganya."

"Sasa kama imevutika, mbona bado unaitumia?"

"Naitumia ile ile kiunoni, naitumia ile ile kwenye kitambaa. Kosa likiwepo ni moja kote, nguo inakaa. Balaa ni ukipima mtu kwa futikamba hii na kitambaa kwa nyingine."

Sijui kama mama alijua amenipa somo zima la jambo nililokuwa nalihangaikia. Ukitaka kulinganisha vipanya viwili, huhitaji kipimo cha maabara. Unahitaji kipimo kimoja kwa vyote viwili.

Nieleze nilivyopima, maana huenda nawe msomaji ukahitaji. Windows ina mpangilio wa mwendo wa mshale wenye ngazi kumi na moja. Ngazi ya sita, iliyo katikati, haiongezi wala haipunguzi. Pembeni yake kuna tiki inayodai kuongeza usahihi wa mshale, ambayo kazi yake hasa ni kurefusha mwendo wa mshale kila unapokwenda kasi. Hiyo unaizima. Hapo hatua moja ya kipanya inakuwa nukta moja ya skrini. Skrini zetu zina nukta 1920 kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia. Kwa hiyo kipanya cha 800 kinapaswa kuuvusha mshale skrini nzima kwa inchi 2.4, yaani sentimita 6.1.

Nikaigundisha futikamba mezani kwa gundi ya karatasi, nikaweka daftari gumu kando yake ili kipanya kiteleze bila kupinda njia, nikausukuma mshale hadi ukingo wa kushoto kabisa, nikaanza. Kompyuta namba 5 kwanza. Sentimita sita na kidogo. Nikarudia mara tatu, ile ile. Namba 3 vilevile. Kisha namba 7. Mshale ukafika ukingo wa kulia kabla kipanya hakijatimiza sentimita tano. Nikarudia. Nne na nukta tisa. Nikarudia tena. Nne na nukta tisa.

Sentimita 4.9 ni inchi 1.93. Gawanya 1920 kwa hizo, unapata kama 1000. Kipanya kile hakikuwa cha 800 kama wenzake, kilikuwa cha 1000, kama vilivyo vipanya vingi vya ofisini. Duara la dogo la sentimita 52 lilikuwa limekatwa likabaki kama 41 na nusu. Kona ya digrii 90, ambayo mkono wake uliijua kwa sentimita 13, sasa ilikuwa inampeleka zaidi ya digrii 112. Ndiyo maana alikuwa anawapita maadui zake kwa heshima namna ile.

Nilimwita nahodha, nikampa futikamba apime mwenyewe. Akapima, akanyamaza, akapima tena. Kisha akauliza swali ambalo ni la haki kabisa: "Sawa. Lakini wiki tatu zote, si angekuwa ameshazoea?"

Kweli, mkono wa binadamu huzoea. Mpe mtu kipanya kigeni, akikitumia hicho hicho kila siku, baada ya muda atakipata. Wako hata wachezaji wanaobadili sensi zao kwa makusudi na hawadhuriki. Lakini dogo hakukaa na kipanya kimoja. Namba 7 ikiwa na mtu alikaa namba 3, siku nyingine namba 5. Leo mkono unafundishwa 52, kesho unafundishwa 41, keshokutwa unarudishwa 52. Kila somo lilikuwa linafuta lililotangulia. Mtoto anayefundishwa na walimu wawili wanaopingana, akifeli, tumlaumu nani? Sisi tuliokuwa na kiti chetu cha kudumu hatukulijua tatizo hilo kwa sababu lilikuwa halijatugusa.

Tukamwekea namba 7 sensi ya 0.8. Nisiseme kwamba alipona palepale, maana hakupona. Siku mbili za kwanza alianza kukosa kwa upande mwingine, hafiki, kwa kuwa mkono ulikuwa umeshaanza kujifunza kujizuia. Siku ya tatu akawa nusu kwa nusu. Siku ya nne upande wa B ukarudi kuwa upande ambao hatuutazami.

Mashindano yalifanyika katika chumba kingine, kwa vifaa vyao. Vipanya vyao vilikuwa vya aina ile yenye kitufe chini ya gurudumu na taa inayobadilika rangi, kila rangi ikiwa na DPI yake. Tulipewa dakika kumi za kujiandaa. Wengine walijaribu silaha, dogo akatoa futikamba mfukoni. Wapinzani walicheka mpaka mmoja akaita wenzake waje waone fundi nguo. Dogo hakuinua kichwa. Akapima, akabonyeza kitufe, akapima tena, akagawanya 800 kwa alichokipata, akaandika namba yake. Tulishinda mchezo wa kwanza, tukatolewa katika wa pili na timu iliyokuwa bora kuliko sisi. Elfu kumi zetu zikaenda. Lakini tuliporudi ndani ya daladala hapakuwa na mtu aliyesema jambo lolote juu ya mkono wa dogo. Nahodha hakumwomba radhi, si kawaida yake. Alisema tu, "Dogo, kesho nipimie na mimi."

Sasa, haki inataka niseme pia futikamba inapoishia. Ya kwanza ni namba zenyewe. Kipanya kilichoandikwa 800 si lazima kitoe 800 kamili, chaweza kutoa 780 au 830, na kitambaa, mbao au karatasi unayokisogezea vinaweza kubadili hesabu kidogo. Ndiyo maana kupima ni bora kuliko kusoma boksi. Ukipata 830, weka 0.96, ukipata 780, weka 1.03, na usibishane na mwenye duka.

Ya pili ni ngumu zaidi. Lile jicho la chini halikai mahali pamoja katika kila kipanya. Kwa vingine liko mbele, karibu na vidole, kwa vingine liko nyuma, karibu na kiganja. Ukisogeza mkono mzima kutoka begani, haijalishi, kipanya chote kinakwenda pamoja. Lakini ukiegemeza kifundo cha mkono mezani na kukigeuza, kipanya hakiendi kwa mstari, kinachora upinde kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba. Kilicho mbali na bawaba hukimbia zaidi. Jicho likiwa sentimita 11 kutoka kwenye kifundo, huchora upinde mrefu kwa asilimia kumi kuliko likiwa sentimita 10, ingawa kifundo kimegeuka sawa. Ndiyo maana mtu anaweza kulinganisha kila kitu kwa futikamba, akakaa, na bado akasema, "Hapana, hiki si chenyewe." Hasemi uongo. Mtu wa namna hiyo asipime kwa mstari. Aegemeze kifundo chake mezani kama anavyocheza, ageuze kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, aone alama ya shabaha imefika wapi ukutani, kisha aguse sensi hadi kipanya kigeni kifike pale pale.

Ya tatu ni uzito, msuguano, waya unaovuta, umbo linalovikunja vidole. Hayo hayana namba ya kuandika kwenye mpangilio wowote. Hapo methali inarudi kudai haki yake, na mimi nairudishia. Ukishalinganisha vinavyolinganishika, kinachobaki ni chako, kaza mkono ulime.

Lakini lile la kwanza, lile la urefu, nitalitetea daima, na nitakwambia kwa nini. Wazee wetu wa pwani walipima nguo kwa shibiri, kwa dhiraa na kwa pima. Shibiri ni kiganja kilichotanuliwa, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Dhiraa ni kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Pima ni mikono miwili iliyonyooshwa. Vipimo hivyo vilikuwa na ila yake, maana mikono ya watu hailingani, na mnunuzi mjanja alimtafuta muuzaji mwenye mkono mrefu. Ndipo tukaletewa mita na wari, ili kipimo kisimtegemee mtu. Mchezoni mambo yanakuja kinyume. Namba ya DPI ni ya kiwanda, sensi ni ya mchezo, na zote mbili hubadilika ukibadili kiti. Hata mchezo ukibadilika namba hubadilika. Katika Valorant, iliyotoka mwaka 2020, hatua moja hukugeuza digrii 0.07 badala ya 0.022, kwa hiyo sensi yako ya Counter-Strike unaigawanya kwa 3.18. Kitu kimoja tu hakibadiliki: mwendo ambao mkono wako mwenyewe unaujua. Zile sentimita 52 kwa mkono wangu ni dhiraa moja na vidole vitatu. Sina futikamba? Naweka kiwiko mezani.

Kijana mwenye kipanya chake nyumbani, kwenye meza yake, hana haja ya makala hii. Alipanga siku ya kwanza akasahau. Sisi tunaokodi kwa saa hatuna kipanya, hatuna meza, hatuna hata kiti. Tunacholeta chumbani ni mkono, na mkono huo ndio tunaohukumiwa nao. Kama hatujui urefu wake, basi mtu yeyote atakayebadili kifaa usiku, bila ubaya wowote, kwa kuwa tu cha zamani kimekufa kitufe, anaweza kutunyang'anya tulichokijenga kwa miaka, na sisi wenyewe tukaamini kwamba tumekipoteza. Na si katika gemu tu. Ni wangapi wameambiwa wameshuka kiwango na mtu ambaye hajawahi kuulizia wamebadilishiwa nini?

Siku hizi pale kaunta kuna daftari la mazoezi lenye kamba, limening'inia kwenye msumari. Kurasa zake zina safu mbili: namba ya kompyuta, na sentimita za kuvuka skrini. Kipanya kikibadilishwa, kijana wa kaunta anapima upya na kuandika tarehe. Namba 7 bado ni 4.9. Namba 2 ilibadilishwa mwezi uliopita, sasa ni 4.1, kwa hiyo ukikaa hapo, hesabu 1200 na ushushe sensi yako. Mgeni akiingia, tunamwomba asome daftari kabla hajaandika chochote. Wengine hulicheka, wengine husoma. Futikamba ya mama sijamrudishia, na yeye hajaidai.